Namba Kwenye Waya

Saa moja na dakika kumi asubuhi, mfua nguo wa hoteli alifungua chumba namba tisa akakuta kitanda kitupu, kiatu kimoja cha kike na damu kwenye mto. Nusu saa baadaye Inspekta alikuwa amesimama kwenye maegesho, akimsikiliza mume wa aliyepotea.

"Tulifika saa mbili usiku," mume alisema. "Nikachomeka gari letu la umeme lichaji, tukala, tukalala. Naamka gizani, mke wangu hayupo, nikatoka kumtafuta. Huyo mlinzi hamumwoni? Kavaa skafu yake!"

Kweli, skafu ilikuwa shingoni mwa mlinzi.

"Alinipa mwenyewe, afande, kaniona natetemeka kwa baridi," mlinzi alijitetea. "Kuanzia saa nne sikuwepo getini. Nilijificha chumba cha pasi nikalala. Nifukuzwe kazi sawa, ila damu ya mtu siijui."

Konstebo alishatoa pingu. Inspekta alimzuia. Aliamini haraka haraka haina baraka, ingawa asubuhi hiyo aliogopa. Anayevuja damu hasubiri wapelelezi wamalize kufikiri.

Mhandisi, maana ndivyo wote walivyomwita mwanamke aliyepotea, alitakiwa mahakamani saa sita mchana, kilomita mia moja na hamsini mbele, kueleza kwa nini ghala moja liliporomoka na kuua vibarua wanne. Bila yeye, kesi ilikuwa imekufa.

Daftari lake la safari lilikuwa mezani chumbani. *Hoteli: tunafika na chaji asilimia 10. Inaingia nane kwa saa. Saa moja asubuhi, 98. Tunaondoka.* Inspekta, ambaye gari lake mwenyewe humzimikia njiani kila mwezi, alimwonea wivu kidogo. Kisha akamwita mpokezi wa hoteli.

"Saa moja ulipopita hapa, gari lilionyesha ngapi?"

"Sitini na nane, mama."

"Umeme ulikatika usiku," mume alidakia.

"Haukukatika," mpokezi alisema. "Saa ya mezani kwangu ni ya umeme. Ukikatika hata kidogo inarudi sifuri, na leo haijarudi."

Inspekta aliinama kwenye magurudumu. Vumbi jeupe lilikuwa limeganda kwenye matao ya bodi juu yake.

"Mlikuja kwa njia ipi?"

"Ya lami. Mwanzo mpaka mwisho."

Ndipo akauona utepe wa plasta, umezungushwa kwenye mpini wa waya wa kuchaji. Namba ziliandikwa kwa kalamu: *48,216, saa 2 usiku.*

"Hii nini?"

Mume alicheka kwa pua. "Kichaa chake hicho. Kila akichomeka anaandika kilomita. Nilishachoka kumsema."

"Lakini umesema ulichomeka wewe."

Mume aliutazama ule waya.

"Washa gari, bwana."

Mume alirudi nyuma hatua moja. Konstebo akawasha. Kwenye dashibodi: 48,274.

"Kilomita hamsini na nane, gari likiwa limelala," Inspekta alisema. "Kwenda na kurudi. Ukigawa mara mbili, ishirini na tisa. Mlinzi, kuna nini huko penye vumbi jeupe?"

"Machimbo ya chokaa, afande. Yalifungwa zamani."

"Na lile ghala, bwana, nani alilijenga?"

Mume aliketi chini, palepale kwenye zege.

"Mimi," alisema. "Nilipunguza nondo. Nilimpigia magoti asiende, akakataa. Nikampiga mara moja tu. Sikuweza kummaliza, nikamfungia stoo ya machimbo mpaka kesi ipite."

"Ukarudi, ukachomeka."

"Miaka mitatu ananiambia gari lisilale bila kuchomekwa. Nilichomeka tu, hata sikufikiri."

Konstebo alibaki naye. Inspekta, asiyeliamini gari lake, aliomba Mungu njia nzima ya machimboni, akiendesha lile gari la umeme, la kwanza kwake maishani.

Saa tatu kasoro robo alivunja kufuli. Mhandisi alikuwa ameegemea ukuta, damu imemkaukia shavuni, midomo myeupe kwa chokaa. Alifumbua jicho moja.

"Umesoma namba yangu," alinong'ona.

"Nimeisoma, dada. Tulia, nakupeleka hospitali."

"Hospitali ipo mtaa mmoja na mahakama." Alimshika mkono, akajiinua. "Gari lina asilimia ngapi?"

"Sitini na tisa."

Alipiga hesabu huku akiyumba.

"Inatosha," alisema. "Twende."