Fundi Asiyetoa Mkono

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Pini alimfunga baba yake vifungo vya shati. Baba, fundi cherehani, aliukodolea macho ukuta mpaka kifungo cha mwisho. Baridi yabisi ilikuwa imemvimbisha vidole vikakakamaa. Vililegea kidogo jua likishapanda.

"Na huko nje, mdomo wako ufunge hivyohivyo," alimwambia binti yake.

Basi fundi akaacha kumpa mtu mkono. Akisalimiwa, mikono mfukoni. Na mtaa ule, ulioshindwa hata kuzibua mtaro wake, ulikuwa hodari wa kuchambua watu. "Anaringa! Cherehani moja tu, anajiona waziri!" Shuleni, wenzake Pini walimsalimia huku wameficha mikono mgongoni, wakijiona wachekeshaji. Wapuuzi watupu. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kisa.

Asubuhi moja Mwalimu Mkuu aliingia dukani na mzigo wa vitambaa vya sare, kazi ya mwaka mzima. Akanyoosha mkono. "Habari za asubuhi, fundi?"

"Nzuri, Mwalimu." Mikono haikutoka mfukoni.

Mwalimu Mkuu akautazama mkono wake. "Kwani unanuka?" Akaubeba tena mzigo. "Mafundi wamejaa tele. Wenye adabu."

Pini, aliyesimama mlangoni, mkoba begani, uvumilivu ukamwisha. "Haringi, Mwalimu! Anaumwa! Hata shati hilo nimemfunga mimi!"

"We Pini!" Baba alifoka. Kisha, polepole, akaitoa mikono na kuiweka juu ya meza ya kukatia. Vifundo vilikuwa vimevimba na kupinda kama tangawizi.

"Kwa nini husemi, ndugu yangu?" Mwalimu Mkuu aliuliza.

"Nani ataleta kitambaa kwa fundi mwenye vidole hivi? Niliona heri mnichukie kuliko mnihurumie. Hata hospitali siendi, nisije nikaonekana. Nimechoka, Mwalimu."

Mwalimu Mkuu alirudisha mzigo mezani. "Basi wajinga tuko wawili. Wewe umeficha ugonjwa, ukaumwa mpaka moyo. Mimi nimehukumu bila kuuliza. Pini, aibu si kuumwa. Aibu ni hii yangu. Fundi, kesho hospitali, dawa zipo. Sare utashona mchana, vidole vikilegea."

Kesho yake, njiani kwenda hospitali, jirani alinyoosha mkono huku akimkonyeza mwenzake.

"Naumwa vidole, jirani," alisema Baba kwa sauti. "Salamu ya mdomo inatosha."

Jirani akabaki mkono hewani, hana la kusema. Kwa mtaa ule, hilo lilikuwa jambo jipya kabisa.