Ruhusa ya Kaaha

Jina lilizidi moja. Wafanyakazi wa ile kampuni ya dawa za mifugo mjini Garissa ni kumi na mmoja, lakini Ifrah, mwenye mimba ya miezi minane na kazi ya kuwarudishia wenzake ruhusa ya kuingia baada ya kompyuta kuongezewa ulinzi, alihesabu kumi na wawili. Wa mwisho: Kaaha Abdiwali Korane. Abdiwali ni jina la baba yake Ifrah, Korane la babu yake! Akadhani bosi kamwajiri mtu wa ukoo wao kimyakimya, na ndugu utamnyimaje? Sasa we mwanamke, si ungeuliza kwanza! Akabonyeza RUHUSU.

Adhuhuri, wenzake walipokwenda kuswali, kompyuta ya pembeni ikaanza kubonyezwa, tak, tak, na kiti chake hakina mtu. Ofisi ikanuka ngozi mbichi iliyoloa, na mvua ina miezi mitano haijanyesha.

"Walaal, dada yangu," Dekow wa stoo alinong'ona aliporudi, "mlango ya stoo inakataa kadi yangu. Skrini yake inasema Kaaha amenitoa. Kaaha ni nani?"

Ifrah akampigia mama yake. Mama, aliposikia lile jina, akauliza: "Hooyo, mwanangu, nani amekutajia huyo? Ni pacha wako. Tulimzika kabla hujajua kukaa."

Simu ingali sikioni, skrini ikaandika: Kaaha anaomba ruhusa ya kumpokea mtoto. Ifrah akakataa, ikarudi, akakataa tena, ikarudi, na harufu ikazidi kumsogelea, na kile kiti kitupu kikaja taratibu kwa magurudumu yake hadi kikamgusa goti, na mtoto tumboni akajikunja kama anayejificha.

Dekow akamleta mbio Sheikh Nunow wa msikitini. Akasoma, akanyunyiza maji.

"Huyo si dada yako," alisema kwa sauti ya chini. "Ni jini, ameazima jina la marehemu. Wewe ndiye uliyemfungulia, mtoe wewe."

Ifrah akabonyeza FUTA. Kompyuta ikauliza, kama inavyouliza mfanyakazi yeyote akiondolewa: ruhusa zake akabidhiwe nani? Chini yake jina moja tu, Weris Hamse. Ya Allah! Ndilo jina alilomchagulia mtoto moyoni. Hata mumewe Hamse alikuwa hajamwambia.

Akalifuta huku analia, akaandika lake mwenyewe, ruhusa za jini zimwangukie yeye badala ya mtoto, akabonyeza.

Harufu ikakatika. Mtoto akatulia.

"Sema alhamdulillahi, binti yangu," Sheikh alisema, akijipangusa jasho.

Ifrah akafungua kinywa. Akajaribu tena. Neno halikutoka.