Waya wa Chini ya Kiti

Spika ya juu ya Landrova ilikohoa, ilhali waya wa betri ulikuwa mkononi mwa fundi Gasto.

Aliutazama. Haukuwa umeunganishwa popote. Ilikuwa saa nne asubuhi, pale Mugumu, mwaka ule watu wa upande wa Kisaka walipohamishiwa vijiji vipya. Harufu ya mpira ulioungua ilishuka kutoka juu, na nyuma yake harufu ya samli, ile aliyokuwa akijipaka mkewe nyweleni.

"Moja, mbili. Gasto, unanisikia?"

Ndivyo Laurensia, mkewe muuguzi, alivyokuwa akiujaribu mtambo wa spika kila asubuhi kabla ya kwenda kuwaita akina mama kwenye chanjo. Sasa alikuwa na miezi mitatu kaburini.

Waya ule aliupitisha Gasto mwenyewe, kutoka kwenye betri, kupitia tundu la bati, chini ya kiti, hadi kwenye amplifaya. Tundu lilihitaji mpira wa kukinga makali yake. Madukani haukuwepo, akataka kukata ndala ya mkewe. "Unitembeze peku kama mbuzi?" Laurensia alicheka, wakakubaliana kusubiri mzigo wa Musoma. Fyuzi pia ilikosekana. Akaunganisha hivyo hivyo, bila mpira wala fyuzi. Barabara ikatikisa, bati likala ganda la waya, moto ukawaka chini ya kiti alichokalia Laurensia, juu ya tangi la petroli. Moto ulizimwa kabla ya kufika tangini, lakini Laurensia aliishi siku mbili tu.

Gasto alikwenda kwa mzee Bushiri, fundi saa aliyejua na dua, akamwamkia, akamweleza. Mzee alisema kwamba gari lile hupita kwenye mahame, vijiji vilivyohamwa kule Kisaka, na majini ya huko yamebaki bila watu.

"Jini hana sauti, mwanangu. Hukopa ya maiti. Ameingia penye jeraha la waya. Kata kipande hicho ukakitupe mtoni, kisha kinga tundu. Na usimjibu. Ukimjibu umemkaribisha."

Kesho yake Esta, muuguzi mpya, angekalia kiti kile. Waya ukibaki ulivyo, Esta ataungua. Ukitengenezwa, Laurensia atanyamaza.

Gasto alitoa ndala ya mkewe chini ya kitanda, akaikata. Alikata kipande cha waya kilichochunika, akaweka karibu na betri fyuzi iliyopatikana hatimaye, akavalisha tundu mpira, akaufunga waya mbali na bomba la moshi, na muda wote huo spika ilikuwa ikimuuliza kama anasikia, kwanza kwa upole, kisha kwa sauti ya mtu anayeungua, naye akauma ulimi mpaka ukatoka damu, mikono ikiendelea kukaza kamba.

Alipokaza ya mwisho, kukawa kimya.

Asubuhi Esta alijaribu mtambo. Sauti ilikuwa yake mwenyewe, safi. "Kaka Gasto, mbona uso wa matanga? Si umepona mtambo?"

Gasto alisema umepona. Akasimama akilitazama gari mpaka likapotea.

Kile kipande cha waya hakukitupa. Kilikuwa mfukoni mwa shati, upande wa moyo, na kilikuwa na joto.

"Gasto," kikanong'ona, "unanisikia?"

"Nakusikia, mke wangu."

Mfuko ukaanza kutoa moshi. Hakuinua mkono kuuzima.