Sahani ya Chumbani

Kila jioni, nyumbani kwao Mugeta, Makongoro alinawa wa kwanza na kumega ugali. Ndipo wanawe walipomega. Hakuna aliyegusa kabla ya baba.

Jioni moja mkono wake ulitetemeka, ukapiga bakuli. Mchuzi ukamrukia Isidori, kaka wa mkewe, aliyefika kutoka Bunda.

"Shemeji, gongo umeanza kunywa saa ngapi leo?" Isidori alitania.

Wote walicheka. Makongoro hakucheka.

Kesho yake mkewe, Dafroza, alimpelekea chakula chumbani, kwenye sahani ya peke yake. Alimwambia apumzike. Ikawa hivyo kila siku.

Makongoro akakonda. Aliacha kwenda kanisani. Hatua zake zikawa fupi, uso ukakauka kama wa mtu aliyekasirika. Majirani walinong'ona kuwa amevunja kiapo na laana imempata.

Mwanawe mkubwa, Keraryo, alimpeleka hospitali Musoma. Daktari alieleza kuwa ni ugonjwa wa Parkinson. Ni ugonjwa wa ubongo. Si laana, wala hauambukizi. Hauponi, ila dawa hupunguza mtetemeko na ugumu wa mwili. Mwaka ule, 1986, dawa hizo zilikuwa adimu. Walirudi na za mwezi mmoja.

Jeska, nesi wa zahanati, alikuja kumtazama. Alimwona akihangaika na vifungo vya suruali. Aliuliza habari za usingizi. Kisha akauliza, "Anakulaga na nani?"

"Peke yake, chumbani. Apumzike," Dafroza alijibu.

"Mama Keraryo, ugonjwa ukizidi, maisha huwa magumu zaidi," Jeska alisema. "Kutembea, kuvaa, hata kuongea. Lakini mzee bado hajafika huko. Huzuni ndiyo inamkondesha. Nayo ni sehemu ya ugonjwa, na upweke unaiongeza."

Alishauri atembee kila asubuhi, asiharakishwe, na apewe bakuli zito lisilopinduka upesi. Keraryo alinunua suruali ya mpira kiunoni kwenye mitumba ya Bunda. Sasa baba alivaa mwenyewe.

Jioni ya siku aliyokuja Jeska, Dafroza aliweka ugali mbele ya mumewe na wanawe. Tonge lilimwanguka Makongoro mara mbili. Wanawe walisubiri. La tatu likafika mdomoni, nao wakamega. Alikula mpaka akashiba. Wiki zilizofuata alianza kunenepa, na Jumapili moja akaomba kupelekwa kanisani.

Lakini mkono haukuacha kutetemeka. Jeska hakuwaficha kuwa siku itafika ambapo Makongoro atalishwa.

Jioni moja Dafroza aliketi karibu na mumewe, akamshika mkono ule.

"Baba Keraryo, sikukupelekea chakula chumbani ili upumzike," alisema. "Nilikuonea aibu mbele ya kaka yangu."