Kichwa cha Cherehani

Enzi za Mwingereza, kila asubuhi kabla ya shule Hilaria alifagia kibaraza cha baba yake, fundi Bonaventura, karibu na stesheni ya Korogwe. Lakini wiki hiyo hapakuwa na nguo ya kushona. Bei ya mkonge ilikuwa imeanguka, vibarua waliokopa nguo wakarudi kwao, na fundi akashindwa kulipia vitambaa. Basi akaenda mwenyewe mahakamani, akasema wazi: nimefilisika.

Shuleni ikawa balaa!

"Mtoto wa mufilisi huyoo!" Petro, mwanafunzi mwenzake, alipiga kelele. "Leo afisa wa mahakama anakuja kubeba kila kitu. Mtalala chini!"

Hilaria alisikia uso unawaka. Saa ya chakula akakimbia nyumbani, akafungua kichwa cha cherehani, akakifunga kwa khanga na kukificha kwenye banda la kuku la jirani, mama Filomena.

Jioni afisa wa mahakama akafika pamoja na mzee Isaka, muuza vitambaa aliyekuwa akidai.

"Fundi, mali yako yote iko hapa?"

"Yote, bwana. Naapa."

Isaka akacheka. "Miguu ya cherehani hii hapa. Kichwa je? Kimekwenda kunyoa?"

Baba akageuka, akaduwaa.

"Kuficha mali ni kosa," afisa akasema. "Unaweza kufungwa."

Hilaria akajitokeza. "Ni mimi, baba. Kiko bandani kwa mama Filomena."

"Kakilete," baba akasema.

Akavuka barabara nacho kichwani, manyoya ya kuku yamemganda usoni. Petro na wenzake wamesimama pale pale!

"Hilaria, mmeiba?" Petro akauliza.

Akaharakisha hadi kibarazani, akakiweka mbele ya afisa.

Afisa akatikisa kichwa. "Binti, kifaa cha kazi sheria inamwachia fundi! Vitambaa na baiskeli ndivyo vitauzwa. Kila anayedai atapata fungu kulingana na deni lake, hakuna wa kumruka mwenzake. Baadaye, mahakama ikiridhika, fundi atafutiwa deni lililobaki. Lakini sharti aonyeshe kila kitu."

"Kwa hiyo hata mimi sipati zote?" Isaka akauliza.

"Hata wewe, mzee."

Baba akamtazama Hilaria. "Mwanangu, kufilisika kuliniaibisha, lakini nilikwenda mwenyewe nikasema. Wewe umenifanya niape uongo. Ukishindwa, sema. Usifiche."

"Nisamehe, baba."

Mlangoni Isaka akageuka, akavuta mfuko wa koti lake. "Fundi, umetoboka huu. Nishonee. Nalipa taslimu, kukopa tumechoka wote!"

Baba akacheka. Hilaria hakuweza. Aliinama, akaanza kufuta mavi ya kuku kwenye cherehani.