Mjukuu wa Nyumba ya Azzan

Kila siku alipotoka shuleni, Kidawa alipanda ngazi za nyumba ya Azzan mpaka ghorofa ya juu, akafungua kufuli na kupiga hodi kwa mazoea tu, maana hapakuwa na wa kumwitikia. Mama yake, Bi Wanu, alikuwa muuguzi, na zamu yake hospitalini ilianza mchana. Chakula kilikuwa kimefunikwa kwa kawa. Kidawa alikula peke yake, akaosha sahani yake moja, na baada ya hapo alasiri ilikuwa ndefu mno.

Walihamia Mji Mkongwe mwaka 2006, kutoka Kiembe Samaki, baada ya baba yake kufariki dunia. Kule alikuwa na wenzake wa kuruka kamba na kugombana nao. Hapa katika mtaa wa Kiponda watoto walikuwa na makundi yao tangu wakitambaa, na mgeni hana kundi. Vyumba vyao viwili vilikuwa vya kupanga. Wenye nyumba walikwishaondoka zamani, ila jina lilibaki, na mtaa mzima uliiita nyumba ya Azzan. Kidawa alikuwa mpweke, na hakumwambia mama yake kwa sababu alimwona naye analo lake la kutosha.

Pahali pekee alipopapenda ni chumba cha kompyuta cha Bi Mwanakheir, nyumba ya tatu kutoka kwao. Bi Mwanakheir alikuwa mwalimu mstaafu, mkali wa macho na laini wa moyo, na kompyuta zake alizifunika kanga zisiingie vumbi. Wanafunzi aliwapa saa moja ya alasiri kwa bei ya chee, lakini kwa sharti: hakuna kutoka mpaka umweleze jambo moja ulilojifunza. Aliyekuja kukodolea macho picha za magari alirudishwa kitini.

Kwa sharti hilo Kidawa akazijua tovuti nyingi. Ilikuwapo kamusi iliyotamka maneno kwa sauti. Ilikuwapo tovuti ya hesabu ambayo, ukikosa, ilikuonyesha ulipopotea wala haikukucheka. Na ilikuwapo ramani ya picha zilizopigwa kutoka angani. Humo aliliona bati lenye kutu la nyumba ya Azzan, kisha akaitafuta nyumba yao ya Kiembe Samaki, akaitazama mpaka saa yake ikamalizika.

Siku moja akaingia katika ukumbi wa mazungumzo, tovuti ambayo Waswahili waliotawanyika duniani husalimiana na kutafutana. Huko akalikuta jina la nyumba yao. Aliyeliandika ni msichana wa umri wake, Dalal, aliyekaa Maskati. Alieleza kwamba bibi yake, Bi Hamda, alizaliwa Unguja na akaondoka akiwa kijana. Mdogo wa bibi huyo, Reem, alibaki, akaolewa nyumba ya Azzan huko Kiponda. Walikuwa wakiandikiana barua, kisha barua zikakoma. Je, yuko anayeijua nyumba hiyo?

Kidawa akajibu kwamba yeye anakaa nyumba hiyo hiyo. Hilo lilikuwa kweli tupu. Kesho yake akakuta jibu: "Basi wewe ni wetu. Wewe mjukuu wa Bi Reem?"

Aliyasoma maneno hayo mara nyingi. Tangu baba yake afariki, hapakuwa na mtu aliyemwambia kuwa yeye ni wao. Alijua anachotakiwa kuandika, na akaandika kingine. Akaandika, "Ndiyo."

Wiki zilizofuata zilikuwa tamu. Dalal alimsimulia shule yake, ndugu zake watundu na joto la Maskati. Alipouliza habari za Bi Reem, Kidawa alitunga: bibi anapenda halua, magoti yanamsumbua, anakusalimuni. Uongo wa kwanza ulitaka wa pili wa kuushikilia, na wa pili ukataka wa tatu. Akawa na rafiki na bibi kwa pamoja, na bado akila peke yake.

Kisha Dalal akaandika kuwa bibi yake amepika pilau, akaita majirani na kusoma maulidi ya shukrani kwa kumpata mdogo wake. Alipoonyeshwa bati la nyumba ya Azzan katika ile ramani, alilipapasa kwa kidole juu ya kioo cha kompyuta. Kidawa aliposoma hayo, aliifunga tovuti kabla saa yake haijamalizika.

Ujumbe uliofuata ulikuwa mzito zaidi. "Bibi atafanyiwa operesheni ya moyo Jumatatu ijayo. Anataka aisikie sauti ya Bi Reem kabla hajaingia hospitali. Tafadhali mlete kwenye kompyuta Jumamosi."

Kidawa alirudi nyumbani, akajifungia chumbani, akajaribu kusema kwa sauti ya kikongwe: "Hamda, dada yangu." Sauti ilimtoka nyembamba na ya kuchekesha, lakini hakucheka. Alijiona mchafu, akalia mpaka kichwa kikamuuma.

Kesho yake alikwenda kwa Bi Mwanakheir, akakaa mbele ya kompyuta bila ya kugusa kitu. Saa ilipokwisha akaitwa mlangoni kama kawaida.

"Leo umejifunza nini, mwanangu?"

"Nimejifunza kuwa mimi mwongo, Bi Mwanakheir," alisema Kidawa, na yote yakamwagika.

Bi Mwanakheir alimsikiliza hadi mwisho. Hakumkemea. "Njia ya mwongo ni fupi," alisema hatimaye, "na wewe ushafika mwisho wake. Rudi ukae, uandike kweli yote. Usijitafutie udhuru. Na mama yako akirudi kazini, umwambie yeye pia."

Kidawa aliandika. Mama yake alipoambiwa, alikaa kitandani na sare yake ya kazi bado mwilini, akamvuta binti yake kifuani. Alisema kosa ni kosa na litalipwa, lakini upweke ule wangeugawana wawili lau angeambiwa. Wakalia pamoja kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Jibu la Dalal lilikuwa fupi. "Bibi hajala tangu jana. Usiniandikie tena."

Kidawa alitaka kuondoka asirudi tena mbele ya kompyuta, lakini Bi Mwanakheir alimkalisha. Alimwambia kuwa radhi ya maneno haitoshi. Bibi wa watu bado anatafutwa, na wao ndio walioko Unguja. Wakaufungua tena ule ukumbi wa mazungumzo, wakasoma kila kilichoandikwa chini ya swali la Dalal.

Humo wakakuta jibu. Kijana aitwaye Khalil aliandika: "Bi Reem mnayemtafuta ni jirani yetu hapa Kidichi. Yu mzima. Nambari yangu ya simu hii hapa." Na chini yake Dalal alimjibu: "Ahsante, kaka. Tumeshampata kwa mjukuu wake. Huyo wako atakuwa mwengine."

Kidawa alijifunika uso kwa mtandio. Kumbe kweli ilikuja mpaka mlangoni, na uongo wake ndio ulioifukuza.

Ijumaa, baada ya Bi Mwanakheir kuzungumza na Khalil kwa simu, walikwenda Kidichi pamoja na Bi Wanu. Walimkuta Bi Reem amekaa kwenye mkeka, akikwangua magome ya mdalasini kwa kisu kidogo. Mwili wake ulikuwa mdogo, akili yake nzima. Watu wazima wawili walisalimu, kisha wakamwachia Kidawa aseme mwenyewe.

"Shikamoo, bibi," alisema Kidawa.

"Marahaba. Mtoto wa nani wewe?"

"Mtoto wa Bi Wanu, huyu hapa. Tumepanga nyumba ya Azzan. Nami nimelitumia jina lako bila ya ruhusa yako, nikawaambia watu wa Maskati kuwa wewe ni bibi yangu."

Alimweleza kila kitu, hata lile la kuigiza sauti. Kisu kikasimama. Bi Reem hakuuliza habari za jina lake.

"Hamda yu hai?"

"Yu hai, bibi. Anakutafuta."

"Mie miaka yote hii nikidhani kanisahau," alisema Bi Reem, na machozi yakadondoka juu ya mdalasini. Mumewe alipofariki, nyumba iliuzwa, naye akahamia huku kwa watu wa mama yake, na anwani ya Maskati ikapotea katika kuhama. Barua ziliendelea kwenda Kiponda, na hapakuwa na wa kuzipokea.

Bi Mwanakheir ndiye aliyemwandikia Dalal. Ili waamini, Bi Reem alitoa neno wanalolijua wao wawili: kovu la goti la Hamda alilipata akimkimbiza jogoo wa mdogo wake. Jibu likarudi kabla ya magharibi: waje Jumamosi.

Siku hiyo Bi Reem alikaa mbele ya kompyuta, akavishwa vipokea sauti juu ya mtandio wake. Sauti ya mzee ikatoka Maskati ikimwita kwa jina, naye akaitika, "Naam, dada." Kwa muda mrefu hawakusema jingine ila kulia. Kidawa alisimama ukutani, na hakuna aliyemwita. Aliona ni haki yake.

Walipomaliza, Bi Reem alimwita kwa kidole. "Mjukuu wa uongo sina haja naye," alisema. "Lakini barua za mashine hii sizijui, na macho ya kutazama kioo sina. Nataka mtoto wa kunisomea. Utakuja?"

"Naam, bibi, nitakuja."

Ujumbe wa operesheni ulifika Jumanne, na haukutumwa kwa Bi Mwanakheir. "Bibi ameamka salama. Mpelekee Bi Reem habari. Dalal." Haukuwa na salamu wala neno la urafiki, lakini uliandikwa kwa Kidawa, na kwa jina lake la kweli.

Bi Mwanakheir aliusoma begani kwake. "Mashine hii haijui kuchagua," alisema. "Ulipoipa uongo iliufikisha Maskati, na ulipoipa kweli imeifikisha vilevile. Kuchagua ni kazi ya mwenye vidole. Na mtu akikupenda kwa jina lisilo lako, mwanangu, hakukupenda wewe. Utabaki mpweke hata ukizungukwa na watu."

Kidawa aliitika kwa kichwa. Kisha akaifunika kompyuta kwa kanga yake, akaenda kumwomba mama yake ruhusa ya kwenda Kidichi, kwani huko kulikuwa na mtu anayemngojea.