Damu Iliyokaa Mfukoni

Foleni ya dirisha la maabara ilikuwa imefika mlangoni siku kijana muuguzi wa wodi ya wazee alipomkanyaga mtaalamu wa maabara kwenye kiatu chake cheupe. Kijana aliomba radhi. Dada yule alimtazama macho yake mekundu, akasema, "Pole wewe, unayetembea huku umelala."

Wakapendana, lakini zamu zao zilipishana. Mapenzi yakawa ya simu, na mara nyingi mmoja alisinzia mwenzake akiwa bado anambembeleza.

Alfajiri moja, kabla ya kwenda kazini, muuguzi alimtoa mama yake damu ya kupima sukari. Aliitia kwenye kichupa alichokikuta mkobani, chenye kifuniko chekundu, akakitia mfukoni. Wodini hakupata hata nafasi ya kukaa. Alikikumbuka alasiri, akajaza fomu, akakipitisha dirishani. Majibu yakaonyesha sukari ya kawaida. Mama akafurahi, akaacha vidonge vyake vya kisukari. Siku ya kumi alianguka jikoni, sukari ikiwa juu kupindukia.

Mama alipopata nafuu, kijana alikwenda dirishani akamwambia mpenzi wake, mbele ya foleni nzima, kwamba amechanganya vichupa na nusura amuue mama wa watu. Mkuu wa maabara alimsimamisha dada yule kazi hadi ukweli ujulikane.

Wiki ikapita bila simu. Kisha dada akaja wodini jioni moja, amevaa gauni la bluu lililopauka badala ya koti jeupe, pamba imebandikwa kwenye kiwiko. Alimwekea kijana karatasi mbili za majibu mezani.

"Nimejitoa damu saa moja asubuhi," alisema. "Nusu niliitia kwenye kichupa cha kifuniko cha kijivu, chenye dawa ya kuzuia seli zisile sukari. Nusu kwenye cha kifuniko chekundu, nikakaa nayo mfukoni hadi saa tisa. Kapima mwenzangu."

Cha kijivu, tano nukta moja. Chekundu, tatu nukta mbili.

"Mkono uleule, damu ileile," aliendelea polepole. "Seli hazijui kwamba zimetolewa mwilini. Zinakula kilichobaki, na hakuna wa kuziongezea."

Kijana alisoma mara mbili. Akaketi.

"Saa ya kutoa damu uliiandika mwenyewe kwenye fomu," alisema dada. "Nilipaswa kukikataa kile kichupa. Niliona mwandiko wako, nikakipokea."

Alikuwa na kazi ya kupoteza, na bado alikuwa amelitaja kosa lake. Muuguzi akasimama, akafunga vifungo vya koti.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa mkuu wako, nikamwambie lililokaa mfukoni mwangu. Halafu nyumbani. Mama anauliza kila siku yule binti yuko wapi. Mpenzi, nimechoka kukupenda dirishani. Nioe mimi, au nikuoe, vyovyote. Tuishi pamoja."

Dada aliegemeza kichwa begani kwake, akafumba macho.

"Nimekubali," alisema. "Ila tutembee taratibu. Miguu inaniuma."

Wakaelekea maabara wameshikana mikono, wote wawili wakiburuta viatu.